Chini ya mwembe upande nini: nyasi ya msituni, nyasi ya Pemba au ukoka?

Nyua nyingi za Tanga zilianza na mti. Mwembe, mkungu, mwarobaini au minazi miwili mitatu ilikuwepo kabla ya nyumba, na nyumba ikajengwa kwa kuufuata mti, maana joto la Januari na Februari hapa pwani mtu hulikimbilia kivulini. Baadaye ndipo mwenye nyumba anatazama chini ya mti wake na kuona udongo mtupu. Masika yakija, matone yanarusha tope mpaka madirishani. Kaskazi ikivuma, ni vumbi sebuleni. Anaamua kupanda majani. Analeta ukoka, viroba kadhaa, anaupanda na kuumwagilia asubuhi na jioni. Baada ya muda ukoka ule umekuwa nyuzi nyembamba za kijani kilichopauka, kisha unatoweka katikati na kubaki kwenye kingo tu, kule jua linakofika.

Ukoka hauna kosa, ila pale si mahali pake. Katika ulinganisho huu nitaweka majani matatu pamoja, na moja la nne kwa wenye ng'ombe, ili anayetaka kupanda achague kwa kuutazama mmea wenyewe: jani lake, shina lake, na namna unavyozaa. Vitu hivyo vitatu vinakueleza mapema kama mmea utaishi kivulini au utakufa. Ninalotaka kulitetea zaidi ni jani ambalo watu wengi wa hapa wanalikanyaga kila wakienda shambani wala hawajafikiria kulipanda: nyasi ndogo ya msituni ambayo kitaalamu ni Oplismenus hirtellus.

Kwanza kivuli chenyewe

Watu husema "hapa pana kivuli" kana kwamba vivuli vyote ni kimoja. Kivuli cha minazi mirefu ya Mabokweni si kivuli cha mwembe dodo wa Ngamiani. Kuti la mnazi limechanika, na jua likisogea mabaka ya mwanga yanahama juu ya ardhi kutwa nzima, kila kipande kikipata zamu yake. Minazi mikongwe iliyopandwa kwa nafasi hupitisha mwanga mwingi, ndiyo maana watu hulima muhogo na kunde chini yake na kuvuna.

Mwembe ni habari nyingine. Haupukutishi majani yote kwa mara moja, kichwa chake kimefungamana mwaka mzima, na saa sita mchana unaweza kukaa chini yake ukasoma bila kukunja uso. Mkungu uko katikati. Majani yake mapana yanazuia mwanga sana, lakini yakishageuka mekundu yanaanguka, na ardhi hupata jua mpaka yachipue mengine.

Kisha kuna kivuli cha ukuta, ambacho wengi hawakipigii hesabu. Tanga iko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo tangu mapema Machi hadi mapema Oktoba jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini wa utosi, na miezi iliyobaki hupita kusini. Ardhi iliyo upande wa kusini wa nyumba au ukuta mrefu basi inakaa kivulini kwa sehemu kubwa zaidi ya mwaka, tena katika miezi ya masika yenye unyevu. Ukiona ukuta umeota ukijani kwa chini upande huo, sababu ndiyo hiyo, na ukoka hapo utakusumbua.

Kupima ni rahisi. Siku isiyo na mawingu, saa sita mchana, weka karatasi nyeupe chini mahali unapotaka kupanda, unyooshe mkono juu yake kiasi cha futi moja. Kivuli cha vidole kikionekana kimekatwa wazi, mwanga upo. Kikiwa kimefifia lakini vidole bado vinahesabika, hiyo ni nusu kivuli. Usipoviona vidole kabisa, hicho ni kivuli kizito. Rudia saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, kwa sababu mahali pengine pana giza mchana lakini hupata jua la ubavuni asubuhi nzima, na jua hilo linatosha kubadilisha uamuzi.

Nyasi ya msituni kwa karibu

Ukitoka Muheza kupanda kwenda Amani, ukayaacha mashamba ya michungwa na kuingia kwenye miti mikubwa, tazama pembeni mwa njia, pale udongo ulipo na unyevu na majani makavu yameoza. Utaona majani mafupi, mapana kuliko nyasi ulizozoea, yamelala karibu na ardhi na kufunika kila mahali. Wapo watakaosema si nyasi hata kidogo, kwa upana wa jani lake. Lakini ni nyasi kamili, ya familia ile ile ya mpunga na mahindi, Poaceae. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliiandika mwaka 1759 kwa jina la Panicum hirtellum, na mwaka 1812 mtaalamu mwenzake Mfaransa, Palisot de Beauvois, akaihamishia katika jenasi ya Oplismenus, jina inalobeba mpaka leo. Inaota katika nchi nyingi za joto, Afrika, Amerika na visiwa vya Pasifiki, na karibu kila inakoota inafuata kivuli na unyevu.

Ng'oa ncha moja uiweke kiganjani. Shina ni jembamba, limelala chini, na kila kifundo kilichogusa udongo kimetoa mizizi yake, nyuzi nyeupe mbili tatu ambazo bado zina udongo. Maana yake ni kwamba kila pingili yenye kifundo ni mche. Ncha ya shina huinuka, na mmea ukiwa kivulini mara nyingi haupiti goti. Jani lina umbo la mkuki, urefu wa sentimita 3 hadi 13 na upana wa milimita 4 hadi 20, limepanuka karibu na shina na kuchongoka mbele. Uso wake si tambarare. Una mawimbi madogo yanayokata upana wa jani, na kwa mawimbi hayo unaweza kuitambua hata haijatoa suke. Ukipitisha kidole kwenye ala, ile sehemu ya jani inayolifunga shina, mara nyingi utahisi vinywele. Liinue jani kuelekea mwanga: ni laini na jembamba kiasi kwamba mwanga unapenya.

Hilo jani jembamba na pana ndilo siri ya maisha yake. Mmea wa kivulini haupati mwanga mwingi, kwa hiyo unatandaza uso mpana kwa gharama ndogo. Majani hayarundikani juu ya mengine. Yamepangwa mkono huu na mkono huu wa shina, yakiwa yamelala ili kila moja lipokee tone lake la mwanga.

Kuna na jambo la ndani zaidi ambalo jicho halioni. Mimea mingi ya jamii ya nyasi tunayoijua huku, mahindi, miwa, mtama na ukoka wenyewe, hutumia njia ya kutengeneza chakula iitwayo C4, ambayo wanasayansi Hatch na Slack waliieleza mwaka 1966 baada ya kuchunguza miwa huko Australia. Kwa njia hiyo mmea unasukuma hewa ya ukaa na kuikusanya ndani ya jani kabla ya kuitumia. Kwenye jua kali ni faida kubwa, lakini kazi ya kusukuma inataka nguvu, na nguvu hiyo hutoka kwenye mwanga. Mwanga ukipungua sana, gharama inabaki na pato linashuka. Nyasi ya msituni, ingawa kiukoo iko karibu na nyasi za C4, hutumia njia ya kawaida, C3, kama mpunga na kama miti inayoifunika. Haina gharama hiyo ya ziada. Aliyewahi kujaribu mahindi chini ya mwembe ameona mwenyewe jinsi yanavyorefuka, yanavyopauka na kuanguka bila kubeba. Nyasi ya msituni mahali hapo hapo inatambaa tu.

Sasa kasoro yake, na hii sitaificha. Ikikomaa hutoa suke jembamba, mhimili wa sentimita 3 hadi 15, wenye vishada vifupi vilivyoachana. Kila kijisuke, yaani kile kipande kidogo kinachobeba mbegu, kina urefu wa milimita 2 hadi 4, na kina ndevu ndefu kuliko chenyewe. Ndevu hizo zikiiva hutoa ute unaonata. Pita hapo na suruali au kanzu, utatoka na vijisuke vimejipanga kwenye pindo, na vidole vikivitoa vinabaki na ulimbo kidogo. Hivyo ndivyo mmea unavyosafirisha mbegu msituni, kwa manyoya ya wanyama. Uani kwako msafirishaji ni wewe na watoto. Dawa yake ni kufyeka masuke yakiwa bado ya kijani, kabla hayajanata, na kazi hiyo huja kwa vipindi tu, si kila wiki.

Ukienda kuitafuta, usichanganye na ndugu zake. Oplismenus compositus ina vishada virefu zaidi kwenye suke, na vijisuke vyake vimeachana kwa nafasi. Kwa bustani inafaa vilevile. Oplismenus burmannii ni ya msimu mmoja, na ndevu zake zina vijimeno vinavyokwaruza badala ya kuwa laini na zenye ute. Hiyo usiipande, kwa sababu msimu ukiisha utabaki na udongo mtupu kama ulivyoanza. Setaria megaphylla nayo, ile nyasi kubwa yenye majani ya mikunjo kama jani changa la mnazi, ni ya kivulini pia, lakini inapita kimo cha mtu na kushika eneo kubwa. Iache kwenye kingo za shamba.

Nyasi ya Pemba

Hii ndiyo mshindani wa kweli. Kitaalamu ni Stenotaphrum dimidiatum, na bustani nyingi za Afrika Mashariki huiita nyasi ya Pemba. Ni mwenyeji wa pwani za Bahari ya Hindi. Inaota kuanzia kwetu kushuka mpaka Afrika Kusini, na kwenye visiwa, hadi India na Sri Lanka. Ndugu yake wa upande wa Atlantiki, Stenotaphrum secundatum, ndiye aliyejaa nyua za kusini mwa Marekani, na wawili hao wanafanana sana.

Kwa mkono utaijua mara moja. Shina lake ni nene na limebanwa bapa, linakimbia juu ya ardhi na kushika mizizi kila kifundo. Jani ni nene, gumu kidogo, na ncha yake ni butu, wakati ya nyasi ya msituni imechongoka. Jani changa hutoka likiwa limekunjwa kwa urefu, na kwenye kifundo majani hukaa karibu karibu, yamefunguka mithili ya feni. Suke lake ni mhimili mnene wa bapa, na vijisuke vimezama ndani ya nyama ya mhimili huo upande mmoja tu. Hakuna ndevu wala kitu kinachonata. Mtoto anaweza kugaagaa humo na akatoka na nguo safi.

Ni ya C4, na hapo ndipo mpaka wake ulipo. Inavumilia kivuli kuliko nyasi nyingi za kundi lake, na kwenye nusu kivuli ya minazi inakaa kijani kibichi kupita hata ile iliyoko juani, kwa sababu unyevu haukauki upesi. Lakini ipeleke chini ya mwembe uliofungamana uone. Pingili zinarefuka, vifundo vinaachana, mmea unatoka mbio kutafuta ukingo wenye jua, na katikati panabaki mashina matupu kama kamba. Mmea wenyewe unakuonyesha: pingili zikiwa fupi kuliko dole gumba, umepata mahali pake, zikianza kufika urefu wa kidole cha kati, kivuli kimezidi.

Lingine linaloipa uzito hapa Tanga ni chumvi. Nyumba za Raskazone na za kandokando ya bahari hupata upepo wenye chumvi, na maji ya visima vingi vya pwani yana ladha ya chumvi. Nyasi ya Pemba imezoea hali hiyo toka asili yake. Nyasi ya msituni inatoka kwenye udongo mweusi wa majani yaliyooza, na maji ya chumvi kwake ni adui. Kama kisima chako kina chumvi na huna maji ya bomba wala pipa la mvua, hapo mjadala umekwisha: chukua ya Pemba, ukubali kuacha udongo mtupu pale giza linapozidi.

Ukoka

Ukoka, Cynodon dactylon, sitauzungumzia sana kwa sababu kila mtu anaujua. Jani jembamba, shina linalotambaa juu na jingine linalopita chini ya ardhi, na suke la vidole vitatu hadi sita vilivyoungana mahali pamoja. Juani hauna mpinzani. Unakanyagwa, unachezewa mpira, unakauka kiangazi na kufufuka mvua ikinyesha, kwa sababu lile shina la chini linahifadhi uhai. Unataka jua la moja kwa moja kutwa, au angalau kwa muda wa saa sita kwa siku. Chini ya hapo unadhoofika. Na lile shina la chini, lililo neema uwanjani, ni laana kwenye matuta ya mchicha; anayeupanda karibu na bustani ya mboga ajue atauchimbua miaka yote.

Zikiwekwa pamoja

Kwenye kukanyagwa, ukoka unaongoza, ya Pemba inafuata kwa karibu, na nyasi ya msituni iko mbali nyuma. Shina lake ni laini, likikanyagwa kila siku linapondeka. Watoto wakicheza chini ya mwembe kila jioni, au kama ndipo wazee wanapokaa kwenye mkeka na bao baada ya alasiri, nyasi ya msituni itaacha upara pale pale. Lakini tuulizane kwa haki: kama kivuli ni kizito, ya Pemba na ukoka vitakufa hata visipokanyagwa. Kwa hiyo mahali hapo mashindano si kati ya nyasi ya msituni na uwanja mzuri wa ukoka, ni kati ya nyasi ya msituni na vumbi. Tandika changarawe au mchanga pale panapokaliwa, na nyasi izunguke pembeni.

Kwenye maji, kaskazi ndiyo mtihani. Nyasi ya msituni ina mizizi ya juu juu na haina shina la chini ya ardhi la kujificha. Udongo ukikauka majani yanajikunja na kulegea, na mahali penye udongo wa mchanga mtupu inaweza kufa kabisa. Kinachoiokoa ni matandazo. Majani ya mwembe yaliyolowa na kuoza yanashika unyevu mrefu, nayo yanaipa chakula ilichozoea. Maji kiasi mara mbili kwa wiki wakati wa kaskazi huwa yanatosha pakiwa na matandazo ya kutosha. Ya Pemba inavumilia zaidi, inabadilika rangi lakini inasubiri mvua.

Kuhusu kufyeka, nyasi ya msituni inakupumzisha. Haikui kwa kasi, wala haipandi juu ya ukuta au kuingia mitaroni. Ikienda usikotaka unaishika kwa mkono mmoja na kuivuta, inatoka na mizizi yake yote. Ya Pemba ikipata mvua na samadi hujenga tabaka nene la mashina makavu chini ya majani mabichi, na ukiliacha, unakanyaga kitu kinachobonyea na maji hayapenyi vizuri.

Ipo kazi moja ya nyumbani ambayo huamua kuliko yote haya, nayo ni ufagio wa chelewa. Kila alfajiri uwanja unafagiwa, na chini ya mti ndipo panapofagiwa zaidi kwa sababu ya majani yanayoanguka. Njiti zile zinakwangua udongo, zinang'oa kila kifundo kinachojaribu kushika, zinaondoa na majani yaliyooza. Hakuna nyasi ya kutambaa inayoshinda hilo. Siwaambii watu waache kufagia, maana ua uliofagiwa ni heshima ya nyumba na nyoka huonekana mapema. Ila amueni mpaka. Karibu na mlango na njia ya kupita pafagiwe. Penye nyasi, majani makubwa ya mwembe yaokotwe kwa mkono au kwa reki ya meno mapana, na madogo yaachwe yazame.

Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, alisimama akaitazama nyasi ya msituni iliyokuwa imeshika vizuri chini ya mwembe.

"Kaka, haya si majani ya porini haya? Wageni watasema tumeshindwa kulima."

"Shikamoo mama. Ni ya porini kweli. Lakini itazame na pale kwenye kona, tope liko wapi?"

Aliinama akabonyeza udongo kwa vidole, akaniomba pingili za kuanzia. Mvua za wiki ile zilikuwa kubwa, na ukuta wake ulikuwa umepakwa tope mpaka kwenye usawa wa kiuno.

Nadhani wasiwasi wa mama yule ni wa wengi. Ukoka uliokatwa sawa unaonekana ni kazi ya mtu, na nyasi ya msituni inaonekana imejiotea. Kwa macho yangu, ua wenye majani yenye mawimbi chini ya mti mkubwa una uzuri wake, na asiyeridhika na kijani kitupu anaweza kutafuta aina ya bustani ya nyasi hii hii yenye michirizi myeupe na waridi kwenye jani. Watu huipanda kwenye vyungu vya kuning'iniza barazani. Hiyo inataka mwanga zaidi kidogo, kwa sababu sehemu nyeupe ya jani haitengenezi chakula.

Kwa mwenye ng'ombe

Tanga ni mkoa wa maziwa, na wengi wanaouliza habari za majani ya kivulini wana ng'ombe bandani wanaomkatia malisho. Nyasi ya msituni mbuzi wataila, lakini haijazi hata kiroba kwa siku. Usiihesabu kuwa malisho. Kwa ng'ombe, chini ya minazi, panda nyasi ya gini, ile Panicum maximum ambayo tangu mwaka 2003 wataalamu wengi wanaiandika Megathyrsus maximus. Ni ya Afrika hii hii, inasimama kwa mashina ya kichaka, mita 1 mpaka 3, na suke lake limetawanyika matawi mengi, yale ya chini kabisa yakitoka yote mahali pamoja kwenye mhimili. Ni ya C4 nayo, lakini ni miongoni mwa zinazostahimili nusu kivuli vizuri. Ikatwe kabla haijatoa suke, hapo bado shina ni laini na lishe iko kwenye majani. Chini ya mwembe haitakupa kitu.

Kupanda

Zote tatu za kutambaa hupandwa kwa pingili. Subiri mvua ya masika ishike, Machi mwishoni au Aprili, au vuli kuanzia Oktoba kama una maji ya kuongezea. Pingili za nyasi ya msituni usizichimbe ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, ambayo inalindwa kisheria tangu mwaka 1997. Hakuna haja. Inaota kwenye kingo za mashamba ya watu, chini ya karafuu na mdalasini, chini ya michungwa iliyozeeka na kandokando ya vijito. Omba ruhusa kwa mwenye shamba. Kwake ni gugu, atakupa kiroba kizima. Ifunge kwenye gunia lililoloweshwa, maana majani yale membamba yananyauka ndani ya saa chache kwenye gari.

Chini ya mwembe usilime kwa jembe. Mizizi midogo ya mti iko juu juu, ukiikata unaudhi mti na hupati faida. Usimwage pia kifusi cha udongo juu ya mizizi kwa nia ya kutengeneza kitalu. Tawanya samadi iliyooza vizuri au mboji, unene wa vidole viwili, mbali kidogo na shina la mti. Kata pingili zenye vifundo vitatu au vinne, laza kila moja, funika vifundo viwili kwa udongo, acha ncha nje, na ubonyeze kwa kiganja. Nafasi ya shubiri moja kati ya pingili na pingili inatosha. Mwagilia kwa mkebe wenye matundu au kwa mkono; maji ya mpira yakija kwa nguvu yanang'oa kila kitu.

Kwa ua wenye mianga miwili, na nyua nyingi ziko hivyo, usilazimishe jani moja lijaze kote. Ukoka au ya Pemba ianze pale jua linapoanzia, nyasi ya msituni ishike chini ya matawi, na pale zinapokutana acha zigombane zenyewe. Msimu mmoja wa masika na mmoja wa kaskazi ukipita, utaona mstari umejichora, na mara nyingi unafuata kivuli cha matawi ya nje. Mstari huo ukisogea ndani, mti umepunguza majani au tawi limevunjika. Ukisogea nje, ni wakati wa kumwita mtu mwenye panga apogoe matawi ya chini, kabla nyasi ya Pemba haijaanza kurefusha pingili.